Uzi wa Magunia

Mkaguzi aliuona uzi kwa sababu ulimnasa kilemba. Alikuwa ameinama kuchungulia uvunguni mwa kitanda cha kwanza, na alipoinuka kilemba kikabaki juu kinaning'inia, yeye akabaki kichwa wazi mbele ya Mwalimu Mkuu, mbele ya kijana wake wa kupiga picha, na mbele ya mlezi wa bweni aliyesimama mlangoni na kufuli mkononi. Hakuna aliyecheka. Mlezi, ambaye shule nzima ilimwita Mama Bweni, alikimbia kukinasua, akakikung'uta, akamrudishia kwa mikono miwili huku akiomba radhi. Alisema huo uzi huwa anautoa asubuhi watoto wakienda darasani, leo amepitiwa.

Mkaguzi alijifunga kilemba upya bila haraka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, viatu vimemchosha, na tangu asubuhi alikuwa ameizunguka shule yote. Darasa la wasioona aliandika kwamba kuta hazina picha wala ramani, kwa sababu karatasi yake iliuliza habari za picha na ramani. Jikoni alionja uji, akakirudisha kikombe kimya kimya. Vyooni hakukaa. Bweni la wasichana viziwi lilikuwa la mwisho, na alikuwa ameshaifunika kalamu yake.

Sasa aliifunua tena. Akaufuata uzi kwa kidole. Ulikuwa uzi wa kushonea magunia, nyuzi tatu zimesukwa pamoja kama nywele, umepita juu ya vitanda vyote toka ukutani mpaka mlangoni. Kila kitanda kilikuwa na tawi lake, na mwisho wa kila tawi kulikuwa na kitanzi cha kitambaa. Kitanda cha karibu na mlango kilikuwa cha Mama Bweni mwenyewe, nacho kilikuwa na kitanzi chake.

"Hivi vinaingia wapi?"

"Mkononi, mama."

"Mkononi mwa nani?"

"Mwa watoto. Na mwangu."

Kijana wa picha akapiga picha. Mama Bweni alitaka kueleza. Maneno yalikuwepo, tena mengi, ila yalitaka mtu akae chini ayasikilize, na Mkaguzi alikuwa ameshageuka. Kwenye kitanda cha pembeni alikaa mtoto mmoja mdogo, mgeni wa muhula ule, aliyeachwa bwenini kwa sababu aliamka na homa. Wote walimwita Kadogo. Joto lilikuwa la kukausha mate, lakini Kadogo alikuwa amevaa soksi nzito ya mguu mmoja, imevutwa mpaka gotini.

Mkaguzi alimwonyesha kwa mkono aivue. Mtoto akamtazama Mama Bweni, akatazama chini, akaivua polepole. Juu ya kifundo cha mguu kulikuwa na kidonda kilichozunguka kama kikuku, kibichi, kimeanza kutoa maji.

Mama Bweni hakuwa amekiona. Alikiona wakati uleule Mkaguzi alipokiona, na akajua hapohapo kilivyotokea: mtoto aliogopa kitanzi kisimponyoke usingizini, akakiacha kitanzi, akaufunga uzi wenyewe mguuni kwa fundo gumu, usiku baada ya usiku, asubuhi anaficha. Na yeye mlezi, mmoja kwa watoto wote wale, alikuwa akiamka mwili umekufa ganzi, anawahesabu vichwa, miguu haiangalii.

"Mwalimu Mkuu," Mkaguzi aliuliza, "hili ulikuwa unalijua?"

Mwalimu Mkuu alitazama dari. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaleta wageni bwenini kuwaonyesha uzi ule, anaushika ncha moja yeye mwenyewe, anavuta, mtoto wa upande wa pili anasimama, wageni wanapiga makofi. Alisema, "Mama, mimi bweni la wasichana siingii. Ndiyo kwanza leo naona."

Mama Bweni akaambiwa aweke funguo mezani na aende nyumbani mpaka aitwe. Alipokuwa akitoka uani, wasichana walikuwa wanatoka darasani. Binti yake alikuwa katikati yao, mrefu kuliko wenzake, kishimo shavuni, ndiyo maana hata nyumbani walimwita Kishimo. Alimuuliza kwa vidole kuna nini. Mama Bweni alimjibu kwamba hakuna kitu, anakwenda kumwona baba mara moja. Mikono yake ilikosea ishara moja, na mtoto kiziwi huisoma mikono kuliko anavyousoma uso.

*

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati na pazia. Mbele, chini ya bati moja lililotobokatoboka, mumewe alitengeneza baiskeli. Watu walimwita Fundi, naye alikuwa fundi kweli, ila mgongo ulikuwa umemgomea na siku nyingine alifanya kazi amekaa kwenye kopo la rangi, anamwomba mwenye baiskeli amwinulie.

Wifi yake alifika kabla hajavua viatu. Wifi huyo hakuwa mbaya, alikuwa tu na miguu myepesi. Alisema huko njiani watu wanazo picha kwenye simu, picha za vitanda na kamba na mguu wa mtoto, na chini yake yameandikwa maneno ambayo yeye kama wifi hawezi kuyarudia. Kisha akayarudia.

"Si kamba," Mama Bweni alisema. "Ni uzi."

"Wifi yangu, huko wanasema kamba."

Fundi alingoja dada yake aondoke. Alikuwa ameshika gurudumu, analizungusha, anasikiliza linapogusa. Akauliza bila kuinua kichwa.

"Uliwafunga?"

Mama Bweni alikaa kwenye ngazi ya mlango akamweleza, maana huyu angalau alikuwa amekaa chini. Alisema usiku umeme ukizimwa bweni linakuwa giza, na mtoto kiziwi gizani hana pa kushika. Humwiti akasikia, humwonyeshi akaona. Mtoto akiumwa tumbo hawezi kuita, na hata akitoa sauti wenzake hawaisikii, na mlezi naye ni binadamu, analala. Moto ukiwaka atamwamsha nani na nani kwa mikono miwili? Ndipo wasichana wakubwa na yeye wakasuka uzi ule. Ukivuta mara moja, nataka kwenda nje. Mara mbili, naumwa. Yeye akivuta mfululizo, wote waamke watoke. Vitanzi ni vya kitambaa, mkono unaingia na kutoka kama kwenye bangili kubwa. Na wale wadogo wapya huvuta bila haja yoyote, wiki za kwanza, wanataka tu kujua kama yupo. Naye huwajibu kwa kuvuta mara moja, wanalala.

"Na kidonda?"

"Kidonda ni cha kweli."

Fundi alizungusha gurudumu. "Mimi nimeuliza tu," alisema.

Hakukosea kuuliza, kila mtu angeuliza. Lakini walikuwa wameoana tangu Fundi hana hata mvi moja, na Mama Bweni alikuwa amefikiri kwamba katika watu wote duniani huyu hatauliza. Jioni alikuja mteja kuchukua baiskeli, kijana mwenye maneno, akasimama mbele ya kopo la rangi.

"Naona leo umefunguliwa, Fundi. Au mama katoka?"

Fundi alicheka. Kilikuwa kicheko cha kumpa mteja chake aende zake, kifupi, kisicho na furaha. Mama Bweni alikisikia kikipita kwenye pazia, akaendelea kukunja nguo ambazo alikuwa ameshazikunja.

*

Siku zikapita, haitwi. Alizoea kuamka kabla ya alfajiri, na sasa aliamka vilevile, anakaa kitandani hajui afanye nini na mikono yake. Dukani alimkuta mama mmoja anamvutia mtoto wake karibu, taratibu, kama mtu anayeondoa chombo kwenye njia ya mbuzi. Muuza duka alimhudumia vizuri mno, kwa heshima ya msibani.

Ndipo Mwalimu Mkuu akaja. Alikuja kwa miguu, viatu vizuri, kola imenyooka, akakaribishwa kwenye benchi la wateja kwa sababu kiti cha nyumba kilikuwa kimevunjika mguu. Alikaa akauliza habari za mgongo wa Fundi, akasifu pazia. Kisha akasema amekuja kusaidia.

Jambo lenyewe, alieleza, lisingekuwa kubwa likienda polepole. Mkaguzi atarudi, kutakuwa na kikao kidogo ofisini. Mama Bweni akubali kwamba aliwafunga watoto usiku ili apate kulala, kwa uchovu, si kwa ubaya. Atapewa onyo, atatolewa bwenini, atapelekwa jikoni kupika. Na binti yake atabaki shuleni kama kawaida, maana mtoto wa mfanyakazi hukaa bure, na mama yake akiendelea kuwa mfanyakazi hakuna wa kumgusa.

"Na nikisema ulivyo ukweli?"

"Ukweli upi tena, mama? Kamba si ilikuwepo? Kidonda si kipo?"

Mama Bweni alijua Mwalimu Mkuu anaogopa nini. Serikali ilikuwa imeleta taa za kumulika, taa maalumu za mabweni ya viziwi, zinazowaka na kuzimika mpaka mtu aamke, na zina betri zake umeme ukikatika. Ziliwekwa stoo zikisubiri fundi umeme, na fundi umeme hakuitwa, leo kesho, leo kesho. Ukaguzi uliopita Mwalimu Mkuu alimwambia aliyekuja kwamba zimeshafungwa, na yule hakupanda kuangalia. Mlezi wa pili naye alikuwepo, aliajiriwa kulala bwenini zamu kwa zamu, ila alihamishiwa ofisini kupokea simu na kupika chai. Uzi ukielezwa, taa nazo zitaulizwa.

"Jikoni kuzuri," Mwalimu Mkuu alisema akisimama. "Unalala kwako, na mzee wako hapa."

Alipokwisha kupinda kona, Fundi alijifuta mafuta mikononi kwa muda mrefu. Alisema yeye si msomi, lakini jikoni ni kazi. Alisema Kishimo anajua kusoma sasa, anaandika, juzi juzi tu alimwandikia baba yake kwenye kipande cha boksi kwamba breki za mbele za baiskeli ya jirani hazishiki, na zilikuwa hazishiki kweli. Mtoto huyo akirudi kukaa hapa nyuma ya pazia atakuwa nani?

"Nisaini?"

"Saini, mama Kishimo. Tumechoka."

Alisema tumechoka, si umechoka, na hilo Mama Bweni alilisikia.

*

Kikao kilikuwa asubuhi. Alivaa nguo yake ya kanisani, akaifunika kwa khanga ili isionekane amevaa sana. Uani alimkuta mwanafunzi mmoja asiyeona, kijana mkubwa wa darasa la juu, anapita na fimbo yake. Kijana alimtambua kwa mwendo hata kabla hajamsalimu.

"Mama Bweni, shikamoo. Umesikia wametufungia kengele?"

"Marahaba. Kengele gani?"

"Ya hatari. Ya umeme. Imefungwa bweni la wasichana viziwi. Jana wameijaribu, sisi bwenini kwetu wote tumetoka mbio, mmoja kaingia kwenye pipa la maji. Wao hata mmoja hakugeuka." Alicheka peke yake. "Serikali inatupenda sana sisi, imetuwekea mpaka nyumba ya pili."

Mama Bweni naye alicheka, mara ya kwanza tangu kilemba kinaswe. Kisha kicheko kikakatika, maana aliwaza giza la bweni lile, na uzi haumo.

Ofisini Mkaguzi alikuwa amevua viatu chini ya meza. Mwalimu Mkuu alikuwa na hati tayari, imeandikwa kwa mashine, akaisoma kwa sauti ya upole: kwamba mimi mlezi niliwafunga wanafunzi kwa kamba nyakati za usiku ili nipate kulala, na kwamba uongozi wa shule haukuwa na taarifa. Alieleza kwamba hatua zimeshachukuliwa, kamba imeondolewa, kengele ya dharura imefungwa kama maelekezo yanavyotaka. Mlezi wa pili aliingia na chai, akaweka kikombe mbele ya Mkaguzi, akatoka bila kumtazama mwenzake.

Mama Bweni akapewa kalamu. Aliishika. Alikuwa amekuja kusaini, mtu asidhani vinginevyo. Alikuwa ameshajiona jikoni.

Mkaguzi ndiye aliyeongea. "Mama, mimi sikuchukii," alisema. "Nikueleze kwa nini sikukuacha siku ile. Iko shule moja niliikagua, mbali na hapa. Niliona kamba vitandani. Nikauliza, nikaambiwa ni za kuanikia nguo. Watoto hawasikii, mimi ishara sizijui, aliyenitafsiria alikuwa mwalimu wao. Nikaamini, nikaandika safi, nikaondoka. Watoto wale walikuwa wanafungwa tangu magharibi, mlezi anakwenda kulala kwa mumewe. Nilikuja kujua baadaye, na nilivyojua sitakueleza. Kwa hiyo mimi kamba nikiiona, siipiti tena."

Alisema hayo akiangalia kikombe. Mama Bweni alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu, akaona macho ya mtu asiyelala vizuri, macho anayoyajua. Akaiweka kalamu chini.

"Basi na leo usiamini," alisema.

"Nini?"

"Nikisaini hapa, mama, utakuwa umeamini tena."

Mwalimu Mkuu alikohoa. Mama Bweni aliendelea kwa sauti ndogo, hakujua kuongea kwa nyingine. Alisema kidonda ni chake, akikane kwa nini, mtoto alijifunga mwenyewe lakini ni yeye aliyepaswa kuangalia miguu na hakuangalia. Hilo aandikiwe atasaini. Lakini hakumfunga mtu ili alale. Alieleza uzi, kuvuta mara moja, mara mbili, mfululizo. Alisema taa za kumulika ziko stoo, kwenye maboksi, nyuma ya magodoro mabovu.

"Karatasi yangu inasema walezi wawili. Wa pili yupo?" Mkaguzi aliuliza.

"Yupo. Ndiye aliyekuletea hiyo chai."

Mkaguzi alikirudisha kikombe mezani. Alitafuta viatu kwa miguu, akavivaa, akaomba ufunguo wa stoo. Mwalimu Mkuu alisema ufunguo hauonekani. Mkaguzi akasema atasubiri uonekane. Ukaonekana.

*

Mkaguzi aliporudi alikuwa na vumbi la magodoro mabegani. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikaa akaandika kwa muda mrefu, na Mama Bweni akaanza kutumaini, akajionea aibu kwa tumaini lile.

"Sheria iko wazi," Mkaguzi alisema mwishowe. Bweni la viziwi lisilo na taa za kumulika, lenye mlezi mmoja, halilazi watoto. Kwa hiyo linafungwa leo. Mwalimu Mkuu atakwenda makao makuu kujieleza. Suala la kidonda litaendelea, na mpaka liishe Mama Bweni hatarudi kazini, wala bwenini, wala jikoni.

"Na watoto?"

"Waende makwao."

"Mpaka lini?"

"Mpaka taa zifungwe, mlezi arudi, na mimi nije nikague." Akaifunika kalamu. "Nina shule nyingi, mama. Na gari moja, nalo si zima."

Mama Bweni alitaka kumwambia kwamba watoto wale makwao hawana wa kuongea naye, kwamba wengine hapa ndipo walipojua kuwa vitu vina majina. Mkaguzi alijua. Ilionekana usoni kwamba alijua. Aligonga muhuri hata hivyo, kwa sababu upande mwingine aliona bweni likiwaka moto, na hatari hiyo ilikuwa ya kweli pia.

Wazazi walikuja kesho yake na keshokutwa, wengine kwa lori, wengine kwa miguu. Mama Bweni alikwenda kumchukua Kishimo, na hakukuwa na njia nyingine ila katikati ya uwanja. Baba mmoja aliyebeba sanduku la bintiye kichwani alisimama mbele yake. Hakumtukana. Alisema, "Mimi nilikuwa na mtoto shuleni. Mdomo wako umenirudishia mtoto nyumbani. Mtoto wangu hakuwa na kidonda chochote." Kisha akazunguka, akapita, na binti yake nyuma yake akageuka kumpungia Mama Bweni mkono, hajui lililosemwa.

Jioni ya siku ya pili walibaki wawili ngazini, Kishimo na Kadogo. Kadogo hakuja kuchukuliwa. Simu ya kwao haikupatikana, na aliyemleta mwanzo alikuwa bibi asiyejiweza. Mkaguzi, aliyebaki kuona bweni linafungwa, alikuwa anasubiri dereva apoze injini. Alimkaribia Mama Bweni, akasimama akitazama pembeni.

"Unaweza kukaa naye? Mpaka wapatikane."

Mama Bweni alimtazama. Mtu aliyemfukuza kazi kwa ajili ya mguu huu, leo anampa mguu huu akalale nao. Lilikuwepo neno la kujibu, tena kali. Akaona ni kazi kulitoa. Akamshika Kadogo mkono.

"Dawa ya kidonda mmempa?"

Mkaguzi akaichomoa kwenye mkoba wake mwenyewe.

*

Fundi aliwaona wakija watatu, akaacha spana. Hakusema si nilikwambia. Labda angesema kama wangekuwa wawili. Alimtazama Kadogo, akatazama bandeji, akarudi kwenye gurudumu lake. Wakati wa kula alitoa chakula chake kidogo akaweka kwenye sahani ya mtoto, akasema hana njaa, tumbo limejaa gesi.

Mama Bweni alimwambia yote, na kwamba jikoni nako hakuna tena. Fundi aliitikia kwa kichwa. Alisema itabidi aanze kutengeneza na mikokoteni, hata kama mgongo hautaki. Baadaye akasema, kama mtu anayeongea na spoki za gurudumu, "Ningekuwa mimi ningesaini." Na baadaye zaidi, "Nisingelala, lakini ningesaini."

Giza lilipoingia walitandika mkeka upande wa pili wa pazia. Taa ilikuwa moja, ya upande wa watu wazima. Kishimo alilala mara moja, alikuwa kwao. Kadogo alikaa. Alimwonyesha Mama Bweni mguu wake mzima, ule usio na bandeji, akaunyoosha mbele, akangoja.

Mama Bweni alimwambia kwa vidole kwamba uzi haupo, umechukuliwa. Mtoto hakuondoa mguu. Akamwambia wakubwa wamekataza. Mtoto akangoja tu, na midomo yake ikaanza kuvutika chini.

Fundi alitoka nje akiburuta mgongo. Walimsikia, yaani Mama Bweni alimsikia, anapekua kwenye pipa la takataka za kazi, kisha mkasi unakata kitu kigumu kigumu. Alirudi na tyubu kuukuu ya baiskeli, ameikata ikawa ukanda mmoja mrefu, mwembamba, na ameifuta unga kwa shati.

"Huu haukwaruzi," alisema. "Ukivutwa unavutika. Ukiachwa unarudi." Alisita akiwa ameushika. "Kitanzi mnafanyaje? Nionyeshe, nisije nikafunga vibaya."

Mama Bweni alimwonyesha. Alikata kitambaa kwenye shuka kuukuu, akafanya kitanzi kipana cha kupita mkono na nafasi ibaki, akakivika mkononi mwa Kadogo, akamfundisha kukitoa na kukiingiza, kukitoa na kukiingiza, mpaka mtoto akachoka akacheka bila sauti. Ncha nyingine ilipita chini ya pazia. Mama Bweni alinyoosha mkono kuichukua kama alivyozoea, lakini Fundi alikuwa ameshajilaza na mguu wake ulikuwa umetokeza kwenye shuka, dole gumba limesimama.

"Wewe lala," alisema. "Umelala na uzi siku nyingi."

Mama Bweni akamvika. Akazima taa. Kwa muda hakuna kilichotokea. Mgongo wa Fundi ulitafuta mahali pake kitandani, ukapapata. Kisha akashtuka.

"Kavuta."

"Mara ngapi?"

"Moja. Anataka kutoka nje?"

Mama Bweni alisikiliza upande wa pili wa pazia. Hapakuwa na mtu anayeinuka.

"Hataki kitu," alisema. "Anaangalia kama upo."

Fundi akakunja dole lake la mguu gizani, akavuta naye, mara moja.